Nani Kasema Goziba ni Kambi?

Kuna neno moja ambalo nimechoka kulisikia, nalo ni neno kambi. Muulize mtu wa Bukoba au wa Muleba ndugu yake yuko wapi siku hizi, atakujibu, "Yuko kambini, Goziba." Vuka ziwa mwenyewe, umkute ndugu huyo ana miaka 15 kisiwani, ameoa hapo, watoto wake wanasoma hapo, na pengine ana kaburi la kichanga chake hapo, naye atakujibu vilevile kwamba pale ni kambini, amekuja kutafuta tu, kwao ni bara. Miaka 15 mtu anatafuta! Hajapanda hata mboga. Mbele ya mlango wake pana magamba ya samaki, vipande vya nyavu na vifuniko vya chupa, na hakuna anayeona aibu, kwa sababu aibu ya uwanja mchafu humpata mwenye mji, na yeye amekwisha kutangaza kwamba hana mji hapo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa akieleza maana ya ujamaa, na tangu hapo imesomwa na kila mtoto wa shule. Lakini sisi wa visiwani tumeipindua. Tumejifanya wageni wa siku elfu tano na jembe hatujalishika, na ukimpa mtu jembe anakuuliza kama umemwona ni mshamba.

Nasema hivi, na anayetaka kunipinga anipinge: siku moja ya kufagia uwanja, kupalilia na kupika chakula chako kwa mikono yako haipaswi kuitwa mapumziko ya mtu asiye na kazi, wala ushamba, wala kazi ya akina mama ambayo mwanamume anaweza kuipita akiwa amefumba macho. Siku kama hiyo ndiyo inayogeuza mahali pa kulala kuwa mji. Yenye kupingana nayo nimeyasikia yote. Nimeyasikia kwa jirani, nimeyasikia mwaloni, na nimeyasikia kutoka kwa watu waliosoma.

La kwanza ni mawe. Goziba ni mwamba, wanasema, utalima nini juu ya mwamba? Anayesema hivi mara nyingi ni mtu wa kwetu, Mhaya, aliyezaliwa katikati ya migomba, na ndiyo maana hoja yake inanishangaza. Hivi anadhani kile kibanja cha babu yake kiliumbwa na Mungu kikiwa vile? Wataalamu wa udongo walikwisha kutueleza, na wazee walijua kabla yao, kwamba ardhi ya Bukoba kwa asili yake ni maskini. Mvua ya kule, ambayo kandokando ya ziwa hufika milimita 2,000 kwa mwaka, imeilowesha na kuichuja rutuba yake kwa karne nyingi. Toka nje ya kibanja hatua chache tu, uingie rweya, ile mbuga ya nyasi, uone udongo ulivyo mwembamba. Weusi na ulaini wa udongo wa kibanja ulitengenezwa na watu. Nyasi zilikatwa rweya zikabebwa kichwani na kutandazwa chini ya migomba. Samadi ya ng'ombe ilizolewa kila asubuhi. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, makapi ya maharage, takataka za ufagio, vyote vilirudi shinani. Nyumba ilijengwa katikati ya shamba kwa sababu nyumba ndiyo iliyokuwa ikililisha shamba, na shamba likailisha nyumba. Kupika na kulima zilikuwa kazi moja yenye milango miwili.

Basi mtu aliyerithi udongo uliotengenezwa kwa ufagio na chungu anasimama juu ya mwamba wa Goziba na kusema hapa hakuna udongo. Ni kweli haupo. Hata kule haukuwapo.

La pili ni muda. Mvuvi hana muda, wanasema, usiku yuko ziwani na mchana amelala. Hili lina ukweli kidogo, lakini anayelisema anategemea kwamba msikilizaji hajui uvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za jua, lakini kanuni haijabadilika: taa hufaa gizani. Mwezi unapokuwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, na mitumbwi hupandishwa nchi kavu. Kila mtu wa kisiwani huhesabu maisha yake kwa giza na mbalamwezi. Hizo siku za mbalamwezi, ambazo ni kama 10 hivi kila mwezi, Mungu mwenyewe amezitoa. Zijumlishe kwa mwaka uone ni siku ngapi. Mfanyakazi wa ofisini mjini hana likizo ya namna hiyo. Tunazifanyia nini? Tunazimalizia kwenye banda la video, kwenye bao na kwenye chupa, tukisubiri giza lirudi kama abiria wanaosubiri meli iliyochelewa. Wenzetu wanawake, ambao katika giza walikuwa wakianika dagaa juani na kukimbizana na mvua, katika mbalamwezi wanaendelea kuchota maji, kufua na kupika. Mwezi wao hauna mbalamwezi.

Nitaeleza siku moja tu, maana hoja ya aina hii haitoshi kwa maneno matupu. Mbalamwezi iliyopita niliamka alfajiri nikafagia uwanja. Sikufagia pale mlangoni tu, bali mpaka kwenye mpaka wa jirani na kidogo ndani yake, ili naye apate la kufikiri. Kisha nikaendelea na ukingo wa mawe ninaoujenga nyuma ya jiko, mahali ambapo mwamba unateremka. Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza: unapanga mawe kwa kufuata mteremko, wala huhitaji saruji, halafu nyuma yake unajaza kila kitu kinachooza. Majani, majivu, maganda, udongo kidogo unaouzoa kwa ndoo kutoka kwenye nyufa ambako mvua imeukusanya, na dagaa walioharibika kwa kunyeshewa, ambao wengine huwarudisha ziwani. Dagaa hao hunuka siku tatu. Ya nne harufu inaisha, na baada ya mwezi mmoja ukichimba kwa mkono unakuta kitu cheusi, chenye unyevu, chenye minyoo. Siwezi kueleza furaha ya mtu mzima anayeona mnyoo wa kwanza juu ya mwamba! Jirani mmoja, kijana wa Ukerewe, alipita na kuniuliza, "Mzee, ukuta wa nini huo hapa kambini?" Nikamwambia nanasa udongo. Akacheka, lakini alisimama muda mrefu kuliko mtu anayecheka tu.

Ndani ya ukingo huo nina mchicha, maboga na nyanya. Katika mtumbwi mmoja mbovu, ambao mwenyewe aliutupa ufukweni, nina vitunguu vya majani. Na katika shimo moja lililokuwa limejaa maji ya mvua na viluwiluwi, nilikojaza uchafu wangu kwa mwaka mzima, nina mgomba. Ni mmoja tu. Mkungu wake wa kwanza ulikuwa mdogo kiasi cha kuchekesha, na tuliula wote.

Saa 6 jua lilikuwa kali, nikaingia jikoni. Maharage yalikuwa yamelowekwa tangu usiku, maana kisiwani kuni ni mali, na maharage yasiyolowekwa hula kuni kama moto wa kichaa. Ndizi zilikuwa zimekuja na mtumbwi kutoka mwalo wa Nyamkazi, Bukoba. Unapaka mafuta mikononi ili utomvu usikugande, unamenya, unatumbukiza ndizi kwenye maji zisigeuke nyeusi. Maharage yakishalainika unazipanga juu yake, chumvi, kitunguu, unafunika kwa jani la mgomba na kuacha moto uwe mdogo. Dagaa nao wana adabu yao: unawachambua mchanga, unawakaanga wakavu kwanza mpaka wanukie, halafu ndipo mafuta na nyanya. Mchicha unauchuma mwisho kabisa, chungu kikiwa tayari kushuka, kwa sababu ziada ya dakika tano humuua mchicha. Mama watoto alikaa kivulini, akawa ananisahihisha kutoka mbali. Tulikula saa 9, watoto wetu na wa jirani, na hakuna aliyesema neno mpaka sinia lilipoonekana chini. Jioni nilichukua maganda yote nikayapeleka kwenye shimo la mgomba. Mabega yaliuma. Nililala usingizi ambao sijawahi kuununua popote.

Sasa wapo watakaosema, mzee huyu anapika kwa sababu amezeeka. Mwanamume haingii jikoni. Wapi? Nenda kwenye kambi yoyote ya dagaa uangalie nani anapikia wavuvi: ni mwanamume, tena analipwa, na tajiri wa mtumbwi hawezi kumkosa, kwa sababu wavuvi wasioshiba hawavuti wavu. Kijana huyohuyo anayesonga ugali wa watu kumi kwa mwiko mrefu kama kasia, akirudi kwenye chumba chake ambako mkewe ana mimba ya miezi minane, anasahau ghafla namna ya kuwasha jiko. Huko kusahau hakuletwi na mila, maana mila haisahau kwa zamu. Ni kwamba jikoni mwa kambi kuna mshahara na jikoni mwa nyumbani hakuna, na sisi tumejizoeza kudhani kwamba kisichokuwa na mshahara hakina thamani.

Mama lishe simlaumu, na yeyote asinisingizie kwamba namlaumu. Wanawake wanaopika mwaloni wanawalisha watu ambao bila wao wangelala njaa, na wengi wanasomesha watoto kwa sufuria hizo. Lakini chakula cha mama lishe kimepangwa kwa tumbo la mvuvi: ugali mwingi, samaki, mchuzi. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukuzwa kwa sahani ya baba yake iliyobaki. Na hapa ndipo ninapokasirika kweli, kwa hiyo naomba msomaji anivumilie. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Kagera karibu asilimia 42 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 34. Imepungua, tushukuru, lakini bado ni zaidi ya mtoto mmoja katika kila watatu. Huu ni mkoa wenye ndizi, maharage na ziwa! Njaa ya ukame hatunayo. Wanaochunguza mambo haya wanasema udumavu una sababu nyingi, pamoja na maji machafu na maradhi ya tumbo, na mimi sibishi. Bali natazama orodha ya sababu hizo na kuona kwamba nyingi zinakaa kati ya uwanja na jiko. Choo ambacho hakikuchimbwa kwa sababu mwamba ni mgumu na hapa ni kambi tu. Maji ya ziwa yanayonywewa bila kuchemshwa kwa sababu kuni ni za kupikia ugali. Mboga ambayo haikupandwa.

Na dagaa! Samaki mdogo anayeliwa mzima, na mifupa yake, aliye na kila kitu ambacho mtoto anayekua anakihitaji. Tunamvua kwa tani, tunamwanika, tunamfunga kwenye magunia, na sehemu kubwa yake inakwenda kusagwa kuwa chakula cha kuku. Sina ugomvi na kuku. Ila ninaposikia mtu wa kisiwani akisema dagaa ni chakula cha shida, na mtoto wake ana nywele zilizofifia rangi, natamani kumkamata mkono nimpeleke kwenye mizani ya mwaloni aone jinsi watu wa mbali wanavyougombania huo unaoitwa upuuzi.

Kuna kundi jingine ambalo halikai Goziba, nalo linanikera kwa namna tofauti. Hawa ni watu wa mjini, waliofanikiwa, wanaosifu maisha ya shambani kwa maneno matamu. Wanakuja bara mwezi Desemba na gari, wanakaa siku tano chini ya migomba, wanakula senene na ndizi zilizopikwa na shangazi ambaye hajakaa tangu alfajiri, kisha wanarudi Dar es Salaam wakisimulia utulivu walioupata. Utulivu wao una mgongo wa mtu mwingine chini yake. Raha ninayoitetea mimi haipatikani kwa kutazama. Aliyekula bila kumenya, na aliyepita uwanja uliofagiwa bila kushika ufagio, amepata chakula na amepata uwanja, lakini hili ninalolisema halijamfikia. Nawasihi wakija Desemba hii wamwambie shangazi akae.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ile ya kwamba kwetu ni bara, na mtu hajengi pawili. Naiheshimu, kwa kuwa nimeona waliojenga pawili wakashindwa pote. Lakini twende huko bara tukaangalie. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliingia Kagera kutokea Uganda. Ugonjwa huu hauna dawa ya kupuliza. Vijidudu vyake huingizwa na wadudu wanaozuru ua dume la mgomba, na hubebwa na panga lililokata mgomba mgonjwa na kuhamia kwenye mzima. Kinga yake ni kazi ndogondogo za mtu aliyeko nyumbani: kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara tu mkungu unapomaliza kutoa chane, kupitisha panga kwenye moto kabla ya kukata mgomba mwingine, kung'oa mgonjwa mapema, kutopanda chipukizi usilojua lilikotoka. Kila moja ya kazi hizo haichukui hata robo saa, na haiwezi kufanywa kwa simu. Vibanja vingi vilivyokwisha vilikuwa vya watu ambao hawakuwapo, au vilivyoachiwa bibi mmoja mwenye macho mabovu. Ndugu yangu unayesema kwenu ni bara: ua dume la mgomba wako limevunjwa na nani mwezi huu? Kama humjui, basi huna mji bara na huna mji kisiwani. Unazo kambi mbili.

Ni kweli sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wengi wamejibana huko chini ufukweni karibu na mitumbwi. Ni kweli pia kwamba samaki huhama na mvuvi humfuata, na kwamba mtu aliyepanga chumba cha mabati kwa mwezi hawezi kuambiwa ajenge ukingo wa mawe kwenye kiwanja cha mwenye nyumba. Huyo simwambii ajenge. Gunia moja lenye udongo linahamishika. Nimeona likipakiwa kwenye mtumbwi pamoja na godoro, mchicha ukiwa umesimama juu yake. Chungu kinahamishika. Ufagio unahamishika kuliko vyote.

Lakini watoto waliozaliwa Goziba hawakuja kutafuta chochote. Hawana bara wanayoikumbuka. Mwalimu akiwaambia wachore nyumbani kwao wanachora mwamba, ziwa na mtumbwi, na ukitazama vizuri hakuna hata mmoja aliyechora mti. Mmoja wa hao waliokula kwangu siku ile alikuja kesho yake na kuniuliza kama mgomba unauma ukiguswa. Ana miaka saba. Nilimpeleka akaugusa.

Yule kijana wa Ukerewe naye alirudi, giza lilipokaribia kuingia, akajifanya anapita tu. Alitaka kujua kama boga linakubali kwenye gunia. Nikamwambia linakubali, ila linahitaji mahali pa kutambalia, na mbegu nitampa mbalamwezi ijayo akinisaidia kuhamisha jiwe moja kubwa lililoko upande wa jikoni, ambalo peke yangu limenishinda.